Senti Kipofu ya Mzee Masila

Sanduku la kikundi cha Wendo lina kufuli tatu na funguo tatu, na kila ufunguo unakaa na mama wa boma lake, ili asipatikane mtu wa kulifungua peke yake hata shetani akimtuma. Ni sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani. Wanawake wa upande huo wa Kathiani hawaliwekei kikombe cha chai juu, wala hawaliachi likanyeshewa. Kushika ufunguo wake hakuna mshahara. Ni watu kukwambia, bila kufungua mdomo, kwamba wakilala usingizi wanalala kwa sababu yako.

Nzilani, mjane wa Makau, alikuwa ameketi na wenzake tangu kikundi kilipoanza, na hajawahi kuushika hata mmoja. Hakuna aliyemwambia sababu. Naye hakuuliza, maana aliijua.

Msimu huo wa maharagwe walikutana kwa Emily, mwenyekiti. Mama Ndolo alikuwa amehamia Kinanie kwa mwanawe, na ufunguo wake ulikuwa umerudi, umelala mezani kama yatima. Emily alisema hataki kuzunguka na maneno. Akamtaja Nzilani. Akasema huyu mama hachelewi, hana fitina, na akitumwa sukari anarudi na sukari na chenji. Wanawake wakaitikia. Emily alikwisha nyoosha mkono wenye ufunguo, na Nzilani alikwisha anza kuinuka, Peris alipokohoa.

Peris hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo wake ulimtangulia kila mahali kama mbwa anavyomtangulia mwenyewe.

"Mimi na Nzilani hatuna neno," akasema. "Ni mwaitu wangu, ni mama kwangu. Lakini mama mwenyekiti, tukishampa ufunguo, ile senti kipofu tutaiweka wapi?"

Wanawake wakacheka, wengine wakijificha ndani ya leso. Emily akaurudisha mkono. Akasema basi hilo jambo lingoje mkutano mwingine, kwa sababu ufunguo haupewi mtu katikati ya kicheko.

Nzilani aliketi tena. Uso ulimwaka, lakini alingoja kicheko kiishe chenyewe, kama mtu anavyongoja vumbi likae barabarani kabla ya kuvuka.

"Jumamosi naenda Machakos na hiyo senti," akasema. "Naipeleka duka lile lile lililoikataa. Peris, twende pamoja, na mama mwenyekiti awe shahidi. Kama ni ya bandia, utarudi kusema hapa, na mimi sitaomba ufunguo tena maisha yangu."

Peris alisema yeye hakumaanisha hivyo. Lakini kumwachia mtu mwingine habari kama hiyo hakuweza, akakubali.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua, hata watoto ambao mzee hawakumkuta. Masila, baba mkwe wa Nzilani, alikuwa kijana wa kukata mkonge enzi za wazungu. Siku hizo senti kumi ilikuwa na tundu katikati, na watu waliliita jicho. Kijana hakuhitaji mfuko. Alizitunga senti zake kwenye uzi wa mkonge, akajifunga kiunoni ndani ya nguo, akatembea akisikia mali yake ikilia. Sasa mwezi mmoja Masila akapokea, katikati ya zile zingine, senti kumi isiyokuwa na jicho. Taji lipo upande mmoja, pembe za ndovu zipo upande wa pili, maandishi yapo, lakini katikati ni shaba tupu. Haitungiki. Basi akafanya kama watu wa wakati ule walivyofanya na kitu kidogo kisichotakiwa kupotea. Akaiweka shavuni.

Akaingia nayo duka la Omar pale Machakos, kumnunulia mama yake blanketi. Akafungua uzi, akamwaga senti zake mezani, zikapungua. Akaitema ile moja kiganjani, akaipangusa kwa shati, akaiongeza. Omar akaishika kwa ncha za vidole. Zingine zote zimetoka kwenye uzi, hii inatoka mdomoni, tena haina jicho. Akasema, duka likiwa limejaa watu, kwamba hii ni pesa ya kufuliwa nyumbani, na kwamba fundi wake amesahau jicho.

Watu walicheka mpaka nje. Masila alipelekwa kwa chifu, akakalishwa juani, akaulizwa kiwanda chake kiko wapi. Hakukuwa na kiwanda wala kesi, wakamwachilia. Karani mmoja akamhurumia, akamwambia kijana, chukua msumari uitoboe, iwe kama zingine, na maneno yaishe. Masila akakataa. Alisema neno ambalo baadaye alilirudia mpaka uzeeni: "Kosa si langu. Nikiitoboa, limekuwa langu."

Maneno hayakuisha. Watu wa boma lile wakaitwa watu wa senti kipofu. Harambee ikifanywa, mtoto wa Masila anaombwa kubeba viti. Kanisani Makau alikuwa na sauti ya kuongoza nyimbo, wakampa nyimbo, sahani ya sadaka wakampa mwingine. Hakuna aliyesema ni wezi. Ilikuwa tu ni desturi, na desturi haina mtu wa kumshtaki.

Mzee alipokuwa mgonjwa hakumpa mwanawe ile senti. Alimpa Nzilani, mkaza mwana, kwa sababu alimwona ni mtu asiyepoteza kitu. Naye akaiweka ndani ya kibuyu cha mbegu za kunde, chini kabisa, mahali ambapo hata mwizi hana hamu ya kutia mkono. Kila msimu wa kupanda aliitoa, akaitazama, akairudisha.

Kwa nini hakuipeleka popote miaka yote hiyo? Kwa sababu aliogopa. Mwaka mmoja, Makau alipokuwa bado hai, alipeleka saa ya mumewe kutengenezwa kwenye duka lile, ambalo siku hizi ni la saa, na sasa ni la Nurudin, mjukuu wa Omar. Chini ya kioo cha meza aliona pesa za zamani zimepangwa kwenye kitambaa, za kuuzia watu wanaozikusanya. Senti kumi zilikuwa nyingi. Aliinama akazipitia zote, moja baada ya nyingine, akitafuta mwenzake kipofu. Hakuwepo. Alitoka pale akijiuliza. Kama serikali ilitengeneza senti nyingi namna hii, na hakuna hata moja inayofanana na yetu, basi yetu ilitengenezwa na nani? Hilo swali alilala nalo na kuamka nalo, na hakumwambia Makau mpaka akamzika.

Ijumaa jioni aliipakua ile senti kutoka kwenye kibuyu. Ilikuwa nyeusi kama chungu. Nzilani ni mtu wa usafi. Sufuria zake zinang'aa mpaka kuku hujitazama humo, na nguo ya kanisani haivai ikiwa na kunjo. Kitu cha kuonyesha watu hakitoki kwake kikiwa na uchafu. Akachukua majivu, akakata ndimu, akakaa kwenye kigoda nje ya jikoni, akaisugua hadi taji likachomoza na pembe za ndovu zikawa nyekundu kama zimetoka motoni. Akaisuuza, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akaomba. Hakuomba senti iwe ya kweli, aliona hiyo ni kumfundisha Mungu kazi. Aliomba kwamba ikiwa ni bandia, apewe mdomo wa kukubali.

Duka la Nurudin lilikuwa na watu asubuhi hiyo. Fundi wake, mtu mmoja anayeitwa Laban, alikuwa ameinamia saa ya mteja, na wengine wawili watatu walingoja kwenye benchi. Nurudin mwenyewe, mtu mzima mwenye kofia na ndevu fupi, aliwakaribisha wale mama watatu, akawauliza habari za Kathiani na mvua. Nzilani akafungua pindo, akaiweka senti juu ya kioo.

Nurudin aliitazama, akatabasamu. Akasema, hasa kwa watu wa benchini, kwamba nyumbani kwao kuna kisa cha babu yake, kila Idi lazima kisimuliwe watoto wacheke, kisa cha Mkamba aliyetema senti isiyo na jicho.

"Huyo Mkamba ni baba mkwe wangu," Nzilani akasema. "Na senti ni hiyo."

Nurudin aliacha kutabasamu. Laban naye akainua kichwa. Peris, ambaye hajawahi kukosa neno, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nzilani akaeleza alichokuja kutafuta. Neno lilitoka duka hili, akasema, na mbele ya watu. Kama ni la kweli, lirudiwe leo alisikie mwenyewe kwa masikio yake. Kama si la kweli, lirudi lilikotoka.

Nurudin alizunguka meza, akafunga nusu ya mlango ili upepo usicheze na mizani yake, akavaa lenzi ya jicho, ile ya mafundi wa saa. Akaiokota senti. Aliigeuza mara nyingi kuliko ambavyo Nzilani alitamani. Akachukua senti nyingine kutoka kwenye kitambaa, ya mwaka ule ule, yenye tundu lake, akaziweka kwenye mizani kila moja kwa zamu. Ya Masila ilizidi kidogo. Nzilani aliliona hilo. Hazilingani. Hata uzito hazilingani.

"Mwanangu," akasema, "usinifiche."

Nurudin akavua lenzi, na badala ya kumpa yeye, akauliza ni nani kati yao anayeshuku. Emily akamtazama Peris. Nzilani akasema, "Mpe huyo. Aangalie yeye kwanza."

Peris alikaa kwenye kiti cha fundi, Laban akimpisha. Nurudin akamwonyesha namna ya kubana lenzi, akamwelekeza taratibu. Pesa ya kufuliwa nyumbani, alimwambia, inamwagwa ikiwa uji, na herufi zake zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika, na ngozi yake ina vishimo vya hewa. Na pesa iliyozibwa tundu, kiraka kinaonyesha ukingo, hata fundi awe hodari namna gani. Atafute hayo mawili.

Peris alitafuta. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayechambua maharagwe ya kupelekea wakwe. Nzilani hakuitazama senti. Alimtazama Peris mdomoni.

"Herufi ni kali kama meno ya panya," Peris akasema mwishowe, polepole. "Vishimo sioni." Akageuza. "Na hapa katikati hakuna kiraka. Nzilani, hakuna kiraka."

Nurudin akaziweka senti mbili pamoja kwenye kiganja. Akasema pesa hizi hazikutengenezwa huku. Zilitoka kiwanda cha ng'ambo. Kule vilikatwa visahani vya shaba, vikapita kwenye mashine ya kutoboa, kisha vikaenda kwenye mtambo wa kugongwa taji na pembe. Kisahani kimoja kikarukwa. Kiliteleza kando ya mashine ya kutoboa, kikaenda kugongwa kizima kizima, na hakuna jicho la mtu lililokikamata mpaka kilipofika kwenye mshahara wa kijana wa mkonge. Ndiyo maana inazidi uzito. Inazidi kwa ile shaba ambayo ingetoka tunduni.

"Kwa hivyo kosa ni la nani?" Nzilani akauliza. Alitaka lisemwe.

"Ni la kiwanda, mama. Si la mzee."

Nzilani alishika ukingo wa meza. Alimwona Masila kama alivyokuwa uzeeni, kwenye kiti chake cha ngozi, akirudia neno lake kwa watu waliokwisha choka kulisikia. Kosa si langu. Mzee hakusoma hata darasa moja, hakujua mashine ya kutoboa ni kitu gani, lakini alijua mahali ambapo kosa lake linaishia na la wengine linaanzia. Na msumari alikuwa ameshaambiwa auchukue, akakataa.

Peris alikuwa bado kwenye kiti cha fundi, anafikiri. "Basi Omar alisema kweli," akasema. "Fundi alisahau jicho. Ila fundi alikuwa mzungu."

Benchi lote likacheka, na Nzilani naye akacheka, mpaka akapangusa macho kwa pindo lile lile lililobeba senti.

Kisha akauliza lililomsumbua miaka yote, mbona chini ya kioo hakuna nyingine. Nurudin akasema ndio utamu wenyewe. Zenye tundu watu wanamletea kwa kilo. Za namna hii yeye amezisikia tu, hajawahi kushika hata moja mpaka leo, na kuna watu wa kukusanya pesa huko Nairobi watakaofunga safari kuiona. Kitu ambacho Nzilani alidhani ni ushahidi dhidi ya boma lake, kwamba haina mwenzake, ndicho kilichoifanya kuwa na thamani. Nurudin akaielekeza tena kwenye mwanga, kisha akakunja uso.

"Mama, hii umeisugua?"

Nzilani akasema ndiyo, kwa majivu na ndimu. Angeiletaje mbele za watu ikiwa chafu?

Nurudin akashika kofia yake kama mtu aliyepigwa na habari. Akaeleza kwamba wapenzi wa pesa za zamani wanautaka ule weusi, ndio ngozi ya miaka yake, na ukishatoka haurudi. Jana, kabla ya ndimu, senti hii ingemnunulia ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, pamoja na ndama wake. Leo ni ng'ombe peke yake.

"Ndama ameenda na majivu," Peris akasema kwa uchungu wa kweli, kama ng'ombe ni wake.

Emily akasema afadhali ng'ombe msafi. Nurudin aliuliza kama atamuuzia. Nzilani akatikisa kichwa, akamwambia ng'ombe hakumleta Machakos. Kilichomleta bado hakijasemwa na aliyestahili kukisema.

Nurudin alielewa. Alifungua mlango wote wazi, akasimama upande wa wateja, si nyuma ya kioo. Alisema babu yake alikuwa mtu wa haki, na kuikataa senti asiyoijua halikuwa kosa, kila mwenye duka angeikataa. Kosa lilikuwa kumtaja mtu kabla ya kujua. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba Masila wa Kathiani hakufua pesa, alilipa kwa pesa halali ya serikali, na kwamba yeye, Nurudin, anaomba msamaha kwa niaba ya marehemu. Na kisa cha Idi, akaongeza, atakisimulia upya mwaka huu, na watoto watacheka mahali pengine.

Nzilani akampa mkono. "Tumesamehe," akasema. "Wasalimie watu wa nyumbani." Akaifunga senti kwenye leso, akatoka nje ameinua kichwa, na Peris nyuma yake akiwaambia watu wa benchini kwamba yule ni mwaitu wake, na kwamba siku zote yeye alijua.

Mkutano uliofuata, Nzilani hakupata nafasi ya kusema kitu. Peris alisema yote. Alisimulia lenzi, mizani, herufi kali kama meno ya panya, akaongeza na machozi ya Nurudin ambayo hakuna mwingine aliyeyaona. Kadri alivyosimulia ndivyo ilivyokuwa wazi kwamba ni Peris aliyewahi kuitetea senti ile tangu mwanzo, peke yake, akipingwa na Kathiani nzima. Wanawake walimsikiliza midomo wazi. Emily alimkonyeza Nzilani. Nzilani alitazama chini, akiuma shavu asicheke.

Safari hii ufunguo ulipotolewa, hakuna aliyekohoa. Nzilani alikuwa amekuja na uzi wa mkonge aliousokota mwenyewe juu ya paja, mwembamba na mgumu. Akaupitisha kwenye tundu la ufunguo, akafunga fundo, akauvaa shingoni, ndani ya nguo.

Kisha akatoa senti, akaomba kikundi kiitunze. Nyumbani ni kibuyu tu, alisema. Hapa kuna kufuli tatu. Emily akaipokea kwa mikono miwili, ikapita kwa kila mama, kila mmoja akapitisha kidole katikati mahali ambapo jicho lingekuwa, wengine wakiipeleka mwangani kama wanaotafuta kitu nyuma yake. Ikarudi. Ikawekwa ndani ya sanduku la kijani, juu kabisa, kwenye kipande cha leso.

Mama wawili wakafunga kufuli zao. Ya tatu ilikuwa ya Nzilani. Aliinama, akauvuta uzi, akazungusha ufunguo mpaka kufuli ikalia.

"Vuta uone kama imeshika," Peris akasema. "Tusije tukapoteza kipofu wetu."

Nzilani akaivuta. Ilikuwa imeshika.